Maswali ya Wasomaji: Nguvu za Gari la Umeme Zinapotea Wapi?

Barua za wenye magari ya umeme ya kasi zinafanana kwa jambo moja: kitabu cha gari kinataja namba kubwa, barabarani namba hiyo haionekani. Mara nyingi si ubovu. Ni joto, au ni uzito.

Swali: Gari langu ni la volti 800 na linatakiwa kupokea hadi kilowati 270. Kwenye chaja za barabarani napata 90, siku nyingine 50. Je, betri ni mbovu?

Jibu: Usiilaumu betri kabla hujaikagua chaja. Soma kibandiko chake uone mwisho wa volti. Chaja inayoishia volti 500 haiwezi kulilisha gari la volti 800 moja kwa moja. Gari hulazimika kuupandisha umeme huo lenyewe, na kifaa kinachoupandisha kina kikomo. Porsche Taycan za mwanzo zilipokea kilowati 50 tu kwenye chaja za aina hiyo, isipokuwa mnunuzi awe ameagiza kifaa cha kilowati 150. Hiyo 50 yako inaelekea kuwa ya namna hii. Angalia pia kama kuna gari jingine limechomekwa pembeni, kwa sababu chaja nyingi hugawana kabati moja la umeme.

Hiyo 90 inanuka baridi. Seli baridi zikisukumiwa mkondo mkubwa, lithiamu hujipaka juu ya anodi (upande hasi wa seli) badala ya kuingia ndani yake, na sehemu ya lithiamu hiyo hairudi kazini tena. Kompyuta ya gari hubana mkondo ili hilo lisitokee. Basi nusu saa kabla ya kufika, weka chaja hiyo kuwa mwisho wa safari kwenye ramani ya gari lenyewe. Ramani ya simu kwa kawaida haisaidii, kwa kuwa gari halijui unakoelekea na halitaipasha betri moto njiani. Fika ukiwa na asilimia 10 hadi 20. Ukifika na 60, kasi kubwa ya kuchaji imeshakupita. Ukigonga 80, chomoa uondoke. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda sawa na zote zilizotangulia.

Swali: Nyumbani nichaji hadi 80 au 100?

Jibu: Magari mengi ya kasi yana seli za nikeli. Hizo ziache 80 kwa siku za kawaida, na 100 iwe ya safari, tena imalizike karibu na saa ya kuondoka. Kinachozichosha ni kukaa zimejaa juani. Kama kitabu kinasema betri ni ya lithiamu, chuma na fosfeti (LFP), ijaze 100 mara moja kwa wiki ili kompyuta ipime sawasawa kilichobaki.

Swali: Nikiondoka kwa nguvu zote mara nne au tano mfululizo, gari linalegea. Kwenye uwanja wa mbio hali ni mbaya zaidi.

Jibu: Joto ndani ya seli hukua kwa mraba wa mkondo: ukidai mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Kipozeo hakiwezi kuliondoa kwa kasi hiyo, kwa hiyo gari linapunguza nguvu kabla seli hazijadhurika. Kiasi cha umeme nacho kina neno. Betri ikishuka, volti inashuka, na wati ni volti mara ampia (kipimo cha mkondo). Gari lenye asilimia 25 haliwezi kukimbia kama lenye 90, hata likiwa limepoa.

Uwanjani, ingia na 90 hivi na utoke kabla ya 30. Kimbia mizunguko michache, kisha mmoja wa taratibu usioshika breki kwa nguvu, maana hata umeme unaorudi wakati wa kupunguza mwendo huipasha betri. Ukisimama, liache gari likiwa limewashwa ili pampu na feni zifanye kazi. Usikimbilie chaja ya kasi wakati huo, nayo itakubana.

Swali: Matairi ya nyuma yameisha upesi mno, na ukingo wa ndani umebaki nyuzi.

Jibu: Hapa tunaomba uchukulie kwa uzito, kwa sababu ukingo wa ndani hauonekani ukiwa umesimama kando ya gari, na tairi linaweza kupasuka huku kwa nje likionekana zima. Gari la namna hii mara nyingi linazidi kilo 2,000, na mota hutoa msokoto wake wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Lakini kuisha upande mmoja kuna sababu yake: alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Magurudumu ya nyuma hulazwa kidogo kuelekea ndani kwa juu ili gari lishike kona, na gari likishushwa chini hulala zaidi. Ukiendesha kila siku katika hali ya mbio inayoshusha gari, unakula ukingo huo kwa makusudi.

Pima kina cha mifereji ya tairi sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Ndani ikibaki milimita 3, badilisha. Alaimenti ipimwe gari likiwa kwenye kimo kilichotajwa na kitabu. Pima upepo matairi yakiwa baridi, yaani gari limesimama saa 3 au zaidi. Kila nyuzi 10 za joto huongeza takriban bar 0.1, kwa hiyo ukitoa upepo tairi likiwa moto, kesho utakuwa na tairi legevu. Unaponunua, angalia herufi XL au HL ubavuni, zinazoonyesha uwezo wa kubeba uzito, na usishuke chini ya zile za kiwandani. Fundi akiweka jeki, aiweke kwenye sehemu zilizoandaliwa tu. Katikati ya sakafu ni betri.

Swali: Diski za breki zina kutu. Na je, kwenye mteremko mrefu betri ikiwa imejaa itakuwaje?

Jibu: Mota ndizo zinazopunguza mwendo mara nyingi, diski zinabaki na unyevu. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu na kavu, kanyaga breki kwa nguvu kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 30, mara kadhaa. Mafuta ya breki hunyonya maji hata yasipotumika. Yabadilishe kwa muda uliotajwa, kwa kawaida miaka 2.

Kuhusu mteremko: gari la kilo 2,300 likishuka mita 500 lina nishati ya kilowati-saa 3 hivi ya kutafutiwa pa kwenda. Betri iliyojaa haiipokei, na pedi zinabeba kazi yote. Anza kushuka betri ikiwa na asilimia 80.

Swali: Betri kubwa ina asilimia 70, lakini gari halikufunguka kabisa.

Jibu: Betri ndogo ya volti 12 imekufa. Ndiyo inayowasha swichi zinazoiunganisha betri kubwa na gari. Bila yenyewe hakuna kinachoamka. Tumia ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, kisha tafuta kwenye kitabu mahali pa dharura pa kuunganishia umeme wa volti 12. Betri hiyo ndogo ikipumzika na kusoma chini ya volti 12, ichaji na uipime upya. Kama ni ya lithiamu, usitumie chaja ya betri za asidi.