Swali la lugha: Dada yake ni Zuhura, mdogo aitweje?

SWALI: Mwalimu, assalaam aleikum. Sisi tuko Langoni, Lamu. Binti yetu wa kwanza anaitwa Zuhura, ana miaka mitatu, na sasa nina ujauzito wa miezi saba. Tunatafuta jina ambalo halijajaa mtaani lakini likae vizuri na la dada yake. Mume wangu anataka lianze na Z, na ametoa mtandaoni orodha ya "majina ya Kiswahili": Zuri, Zahara, Kamaria, na kwa mvulana Jabari. Mama mkwe naye ataka jina la Mwana, kama la watu wa zamani. Je, Zuri ni Kiswahili fasaha? Na huyo Mwana ni jina au ni heshima, na huandikwa pamoja au mbali? (Mama Zuhura, Lamu)

JIBU: Aleikum salaam, Mama Zuhura, na Mungu akujaalie ujifungue salama. Nianze na Zuri, kwa sababu ndilo pekee katika orodha hiyo lenye kasoro ya sarufi.

Zuri halijawa neno kamili. Ni shina la kivumishi, na shina hilo hungoja nomino ilipe kiambishi: mtu mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, watoto wazuri. Likisimama tupu bila kiambishi, limeshikamana na ngeli ya gari na embe: gari zuri, embe zuri, jambo zuri. Basi mwenye sikio la Kiswahili akiambiwa "huyu ni Zuri" hubaki akingoja aambiwe zuri nini. Tazama wazee walivyofanya walipotaka kumwita mtu kwa sifa. Walimpa m- yake: Mkubwa, Mdogo, Bwanamkuu, Mwanamkuu. Hujasikia mtu wa Pwani akiitwa Kubwa, wala Bwanakuu. Majina kama Neema, Rehema, Subira na Baraka hayana shida hii kwa kuwa yalikuwa nomino timamu kabla hayajapewa mtu.

Kuna na jingine, na kwenu Lamu lina uzito kuliko kwingine. Mji wenu ni wa wanachuoni, na aliyeonywa darasani juu ya ushahidi wa uongo amelisikia neno la Kiarabu linalotumika hapo: zuur. Mzee aliyekaa msikitini tangu utotoni hataacha kulisikia hilo ndani ya jina la mjukuu wake, hata akinyamaza kwa adabu. Sisemi Zuri ni haramu. Majina yana uhuru wake, na wako akina Zuri Nairobi na ughaibuni wanaoitika kwa furaha. Umeniuliza kama ni fasaha, nami nakwambia si fasaha.

Jabari sina ugomvi nalo, ila mjue litakavyofanywa. Kwa Kiswahili jabari ni mtu shupavu, mwenye nguvu asiyeogopa. Lakini Al-Jabbar ni katika majina ya Mwenyezi Mungu, ndiyo maana Waislamu wa Pwani hulitanguliza na Abdul. Mkimwita mtoto Jabari tupu, babu ataongeza Abdul siku hiyo hiyo, na jina fupi mlilolitaka litakuwa refu kuliko la wote nyumbani.

Kamaria ni jina halali, limetokana na kamari, yaani mwezi kwa Kiarabu (si ile kamari ya kucheza kwa pesa, ingawa watani hawatakosa kuitaja hiyo pia). Kwa maana linaelekea kukaa vizuri na Zuhura. Tatizo lake ni chuoni. Kila mtoto aliyefundishwa kusoma Kurani amefundishwa kuwa kuna lam shamsia na lam kamaria, yaani herufi l inayomezwa na ile inayotamkwa. Sasa mtoto anaitwa Kamaria, mji unaitwa Lamu, na wenzake wana miaka minane. Malizia mwenyewe.

Zahara ndilo ninalotaka kulikalia kidogo, kwa sababu naona ndilo lililompendeza mumeo, na kwa sikio la haraka linaonekana limefaana kabisa na Zuhura. Limefaana kupita kiasi. Majina haya mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu, z-h-r, mzizi wa mng'aro na wa kuchanua. Zuhura ni ile sayari inayong'aa kuliko kitu chochote mbinguni baada ya jua na mwezi. Zahara ni ua, au mng'avu. Yaandike kwa herufi za Kiarabu, zile zile walizoandikia Kiswahili mababu wa Lamu kwa karne nyingi, usitie fatha wala dhumma (alama za irabu), na huenda msomaji asijue unamtaja mtoto gani. Kwa herufi za siku hizi tofauti ni irabu mbili tu.

Na kumbuka jinsi majina yetu yanavyopangwa. Jina la mtoto hufuatwa na la baba, kisha la babu. Ndugu wa baba mmoja hushiriki yote isipokuwa lile la mwanzo. Tuseme baba ni Omar na babu ni Ali. Mtakuwa na Zuhura Omar Ali na Zahara Omar Ali, katika kijitabu kile kile cha kliniki, shule ile ile, baadaye ofisi ile ile ya vitambulisho. Muuguzi mwenye foleni hadi nje hatasimama kutazama kama ni u au ni a. Hata nyumbani, ukisimama darini ukaita kwa kuvuta, silabi inayobeba sauti kwa Kiswahili ni ya pili kutoka mwisho: zu-HUUU-ra, za-HAAA-ra. Kwa mbali inayosikika ni z, h na mvuto. Wataitika wote, au hataitika hata mmoja, na hili la pili ndilo watoto hulipendelea.

Ndiyo maana siupendi sana huu mtindo wa kufananisha majina kwa herufi ya kwanza. Ni mtindo wa macho, unapendeza kwenye keki na kwenye fremu ukutani. Majina yetu yalilinganishwa kwa sikio na kwa maana. Mfano mnao tayari: Hassan na Hussein. Watu wa Pwani huwapa mapacha majina hayo bila kufikiri mara mbili, na wengi hudhani yanaendana kwa sababu tu ya wajukuu wa Mtume. Yanaendana kwa umbo pia. Kiarabu kina wazni, yaani umbo la neno, wa kudogosha, unaotia u mwanzoni na ei katikati, na Husein ni Hasan aliyedogoshwa, kwa mapenzi. Sisi tukitaka kudogosha tunabandika ki- mbele ya neno. Wao huingia ndani ya neno wakabadili irabu. Ukishalijua umbo hilo utaliona kila mahali: Juneid, Zubeir, Zubeda, Suheil.

Sasa rudi kwa Zuhura wenu. Amepewa jina la mbinguni, basi mdogo wake mtafutieni huko huko. Najma na Shamsa ni mazuri lakini yameenea mno, na ninyi mmesema hamtaki yaliyojaa. Kwa msichana mimi ningechagua Thureya.

Thureya ni lile kundi dogo la nyota ambalo Waswahili huliita kilimia, kwa kuwa wakulima walipangia kilimo kwalo. Mpaka leo wapo wazee wa kukuambia kuwa kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Usije ukaamua kumwita mtoto Kilimia, ingawa lingekuwa geni kweli kweli. Hiyo ki- mbele ya mtu ina historia yake, huishia kwenye kiziwi, kiwete na kipofu, na watoto wenzake wangemwonyesha hivyo kabla hajaota meno ya pili. Thureya linataja nyota zile zile bila mzigo huo. Tena lenyewe ni la umbo la kudogosha, wazni wa akina Husein na Zubeda, kwa hiyo linamkalia mtoto wa pili kuliko wa kwanza. Dada ni nyota moja kubwa inayoonekana peke yake. Mdogo ni kishada cha nyota ndogo. Jaribu kuyaita pamoja: zu-HU-ra, thu-RE-ya. Silabi tatu kwa tatu, yote yanaishia na a, lakini ile silabi inayovutwa ni hu kwa mmoja na re kwa mwingine. Hapo hakuna wa kusingizia hakusikia.

Akiwa mvulana, Suheli. Hii ni nyota ya pili kwa kung'aa usiku wote ukiacha sayari, na iko upande wa kusini. Mabaharia waliifuata hadi jina lake likawa jina la upande wenyewe: katika Kiswahili cha baharini suheli ni kusini. Kwa mji ambao majahazi yake yalikwenda kusini kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, sijui jina la mbinguni lililo la kwenu zaidi ya hilo. Nalo ni la wazni ule ule wa mdogo. Wengine hulimalizia kwa konsonanti, Suheil, kama Kiarabu kinavyotaka, na watu wa Lamu hawana taabu na konsonanti ya mwisho. Mimi napenda irabu ya Kiswahili iwepo, su-HE-li, kwa sababu ndivyo litakavyoitwa mara tu atakapovuka kwenda bara. Chagueni umbo moja tangu mwanzo, cheti cha kuzaliwa kisije kikatofautiana na cha shule.

(Jambo moja kwa wasomaji wengine wanaongojea mapacha: Thureya na Suheli msiwape pamoja. Washairi wa Kiarabu wa kale walizifanyia mzaha nyota hizi, moja ya kaskazini na nyingine ya kusini, kama wachumba wasioweza kukutana.)

Wala msiogope kwamba jina geni litawatenga. Wewe utabaki Mama Zuhura maisha yako yote, hata ukizaa kumi, mji umeshaamua. Na mna muda. Akika ni siku ya saba, na kabla ya hapo mtoto anaweza kuitwa "mtoto" bila kupungukiwa na kitu. Yaiteni majina hayo kwa sauti ndani ya kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba, kwa furaha na kwa hasira. Jina litaitwa sana kwa hasira.

Imebaki hoja ya mama mkwe, na hapo yeye ana haki kuliko orodha ya mtandaoni. Mwana kwa asili ni heshima ya mwanamke, kama Bwana ilivyo kwa mwanamume. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, alimtungia bintiye Mwana Hashima, na mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siu. Katika nyumba hiyo moja una Bwana mmoja na Mwana wawili, wote wamewekewa heshima mbele ya jina. Hapo huandikwa mbali, maneno mawili, kwa sababu ukiondoa Mwana bado una jina: Hashima anabaki Hashima.

Lakini kuna Mwana nyingine iliyokwisha kushikamana. Chukua Mwanajuma, Mwanaidi, Mwanahamisi. Ondoa Mwana uone kinachobaki: Juma, Idi, Hamisi, wanaume watatu. Kwa majina haya Mwana si heshima tena bali ndiyo inayomfanya mwenye jina awe mwanamke, kwa hiyo huandikwa neno moja na haikatwi. Mwanaisha na Mwanahawa nayo huandikwa pamoja, japo Aisha na Hawa wangeweza kusimama wenyewe. Matumizi yameshayaunganisha, na katika majina ya watu matumizi hushinda kanuni. Kama mama mkwe atapenda lililo tayari kamili, Mwanakheri ni zuri, halisikiki sana siku hizi, na linakaa na Zuhura bila kugombana, ijapokuwa halina uhusiano wa nyota.

Kumridhisha yeye na kuishika Thureya pia inawezekana. Mwiteni Mwana Thureya nyumbani, kwa maneno mawili, heshima mbele na jina nyuma. Msiliunganishe, Mwanathureya ni refu na halina aliyelizoea. Wala msiliandike hivyo kwenye fomu, maana karani atachukua Mwana kuwa jina la kwanza, Thureya litaangukia mahali pa jina la baba, na Omar atasukumwa hadi kwa babu. Kwenye fomu andikeni Thureya tu, na mlitaje herufi kwa herufi kuanzia th, kabla karani hajaweka s yake.