Mwanangu, kuhusu kile kiberiti

Neema mwanangu,

Unauliza kwa nini Waflamandi wa huko Gent, Ubelgiji, wanakiita kiberiti lucifer, na kama si vibaya kukaa nacho jikoni. Mama yako alipokusikia kwenye simu alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilicheka.

Neno ni la Kilatini: lux ni nuru, ferre ni kubeba. Warumi waliita hivyo Zuhura, nyota ya asubuhi, basi. Yapata mwaka 1830 Samuel Jones wa London akauza njiti zake kwa jina hilo. Waingereza wakaliacha, Waholanzi na Waflamandi wanalo hadi leo.

Shetani aliingilia wapi? Fungua Isaya 14:12. Nabii anamsimanga mfalme wa Babeli, anamwita nyota ya alfajiri iliyoanguka. Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, akaandika lucifer, na hakukosea. Wafafanuzi ndio waliosoma humo anguko la Shetani, jina likamganda. Koko yako alichoka kunisikia, lakini narudia: neno halina dhambi.

Ile fimbo ya katekista unaijua, ila baba yako mkubwa huisimulia kwa kucheka. Nilikuwa mtumikiaji, misa bado ya Kilatini. Mkesha wa Pasaka, kanisa giza, shemasi anaimba Exsultet, ule wimbo wa sifa wa Pasaka, mbele ya mshumaa mkubwa. Nikasikia: lucifer. Halafu tena, lucifer! Na hapo ni Kristo anayesifiwa, nyota isiyojua kutua. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Siku ya mafundisho nikamuuliza katekista mbele ya wote. Hakujibu, alitafuta fimbo. Nilichapwa kwa sababu nilisikia vizuri, mwanangu! Na baba yako mkubwa, aliyekuwa amesimama karibu nami usiku ule, alisema yeye hakusikia kitu.

Labda katekista hakujua Kilatini. Lakini si alikiimba kila Jumapili? Haya, labda aliogopa watoto waanze kulitaja jina lile ovyo mitaani, wazazi wangesemaje. Hapana, angeweza kuniambia, "Nenda kamuulize padri." Maneno matatu tu. Mama yako anasema mtu amekwisha kufa, nisimhukumu. Sawa, simhukumu. Ila angeweza.

Jambo moja sijamwambia mama yako. Kiberiti chetu ni neno la Kiarabu, ni ile salfa ya manjano, ile ile ya Ufunuo: ziwa la moto na kiberiti. Wewe huko unawasha jiko kwa nyota. Sisi tunanunua Jehanamu kwenye kiyoski pale Kadutu, na kuren, yaani umeme, ikikatika tunaikwaruza tukisema Mungu asifiwe.

Sasa amesoma hapa nyuma yangu. Anasema nifunge barua, na anauliza kama mtoto ameshaota meno.

Papa yako