Fundi Alitaka Dola 4,800 kwa Sprinkla Zangu, Nikachimba Mwenyewe

Jumamosi iliyopita niliweka picha ya nyasi zangu kwenye kundi letu la Wakenya wa Dallas. Sitawadanganya kwamba sikuwa naringa. Ni Agosti, joto limepita nyuzi 38 wiki nzima, nyasi za mtaa zimegeuka rangi ya chapati, na zangu ni kijani kibichi mpaka ukingo wa barabara. Mtu akikaa kimya na kitu kama hicho, atakuwa mgonjwa.

Kabla chai haijapoa, dada mmoja wa Garland, mji jirani, akanitumia ujumbe: "Kaka, namwagilia siku mbili kwa wiki kama tunavyoruhusiwa, dakika ishirini kila zoni. Maji yanakimbilia barabarani, nyasi zinakufa, bili inapanda. Wewe unatumia mbolea gani?"

Mbolea! Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, maana swali hilohilo niliwahi kuliuliza dukani nikauziwa magunia sita ya jasi. Nikaanza kumjibu dada kwa kifupi, ikashindikana. Jibu lenyewe ni hili.

Nimekulia Kitengela. Mnaoijua Kitengela mnaujua ule udongo mweusi unaomeza gambuti wakati wa masika, kisha kiangazi unapasuka hadi mtoto anapoteza kandambili ndani ya ufa. Nilipopanda ndege nilidhani nimeagana nao. Kumbe hapa Dallas tumekaa juu ya ukanda wa Blackland Prairie, unaoshuka mpaka karibu na San Antonio, na udongo wake ni ndugu wa damu wa ule wetu: mfinyanzi mweusi, unavimba ukilowa, unanywea ukikauka. Nyumbani wajenzi wa barabara huuchimba wakautupa kabla ya kuweka kokoto. Huku tunajenga nyumba juu yake, tunapanda nyasi, tunafukia mabomba ya plastiki shubiri moja chini, halafu tunashangaa mabomba yakikatika.

Nyumba niliinunua 2019 ikiwa na sprinkla, yale mabomba ya chini yenye vichwa vya kurushia nyasi maji, za zoni sita, yaani vipande sita vya uwanja vinavyowashwa kwa zamu, nami sikujua hata kontrola, ile saa inayoziwasha, iko wapi. Februari 2021, ile baridi iliyoshuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, ilinipasulia kifaa cha kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la jiji. Nikamlipa plamba, nikasahau. Kisa chenyewe kilianza 2022.

Mwaka ule, wa Dallas mtakumbuka, mvua iligoma siku 67 mfululizo. Nyufa zilitokea uani, moja nilitumbukiza mkono hadi kiwiko. Nyasi zikaanza kufa, na chama cha wenye nyumba cha mtaa wangu kikaniletea barua ya adabu kabisa kwamba uwanja wangu "hauendani na hadhi ya mtaa". Barua hiyo ninayo mpaka leo. Nikafanya kile kila mtu anachofanya: nikaongeza dakika. Kumi na tano zikawa ishirini, ishirini zikawa thelathini. Maji yalishuka kwenye njia ya gari kama mto, nyasi zikazidi kufa, na bili ya Julai ikaja dola 312. Mke wangu aliibandika kwenye friji bila kusema neno.

Ndipo nikamwita fundi. Alikuja na gari safi, akatembea uani dakika kumi huku anaongea na simu, akachomeka vibendera viwili, akaniambia mfumo mzima umezeeka, wa kung'oa wote: dola 4,800. Nilipouliza kama hatuwezi kutafuta panapovuja kwanza, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayeuliza mbona mwezi unatufuata. Kisha akasema maneno ambayo bado yananichoma: "Kwenu mna sprinkla?" Akabandika stika yenye namba yake kwenye mlango wa kontrola yangu, akaondoka.

Kwetu tuna mashamba ya maua, ndugu yangu. Athi River na Naivasha wanamwagilia kwa matone ekari ambazo wewe hujawahi kuziona. Lakini hayo niliyafikiria usiku, alipokuwa ameshakwenda.

Kesho yake nikaanza na mita, na hapo ndipo nakuomba uanze wewe pia. Funga kila bomba la ndani ya nyumba, uende kwenye kile kisanduku cha mita karibu na barabara, ufunue. Kuna kipembetatu kidogo kinachozunguka maji yanapopita, hata yakiwa kidogo sana. Changu kilikuwa kinazunguka saa tano za usiku, nyumba imelala. Nikafunga koki ya mfumo wa sprinkla peke yake. Kikasimama. Basi uvujaji ulikuwa kwenye bomba kuu la sprinkla, lile lenye presha saa zote, kabla ya vali zinazofungulia kila zoni maji. Bomba likipasuka baada ya vali, mita haitakuambia kitu mpaka zoni hiyo iwashwe. Dakika kumi za tochi zilinipa jibu ambalo mwenye gari safi hakulitafuta.

Kujua pa kuchimba ni jambo lingine. Nilipiga 811, namba ya bure ya kuomba waje wakuchoree rangi palipo na gesi, umeme na nyaya za simu. Unasubiri siku mbili za kazi. Usiruke hatua hii hata kama unachimba kwa kijiko. Kisha nikachimba palipokuwa na unyevu, kando ya njia ya gari. Nikafika kwenye bomba: zima kabisa. Nikasogea mita moja: zima. Mfinyanzi haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo maji yanayovuja hufuata ule mfereji uliochimbwa zamani kulaza bomba, yakaja kutokea mbali. Yaani palipolowa ni mlangoni tu, mwizi yuko chumba cha nyuma.

Na kuchimba kwenyewe! Udongo huu ukikauka unapiga koleo kama tofali, ukilowa hauachii koleo. Kila donge nililing'oa kwa mkono. Nilipofungua boksi la vali kutazama bomba linapoelekea, chungu wa moto walikuwa wamejenga ikulu humo ndani. Vidole vilinivimba nikashindwa kushika kijiko siku nzima. Shimo la pili lilikuwa wazi, la tatu nimelifikisha nusu, ndipo usiku wa kuamkia Agosti 22 mbingu ikafunguka. Baada ya siku zote zile za ukame, mvua iliyoshuka ilifunika barabara na magari. Asubuhi nina mabwawa matatu uani, na barua ya wale wa chama bado iko mezani.

Nilichota maji kwa sufuria ya ugali. Mke wangu alipoiona sufuria yake shimoni, ndipo alipoongea kwa mara ya kwanza tangu ile bili. Sitayaandika aliyosema.

Chini ya shimo la tatu, bomba linapokata kona pembeni ya nyumba, nikaliona: elbo, kile kiungio cha kona, imechomoka, bomba limevutwa nje upana wa kidole. Udongo uliponywea ulilivuta kama mtu anayechomoa mkono kwenye shati. Kitu cha dola tatu.

Kukarabati nitasema haraka kwa sababu si kugumu. Kata kipande kibovu chote, usijaribu kurudishia gundi ya zamani. Weka elbo mpya na kile kiungio cha kuvutika, ili usilazimike kukunja bomba ndani ya shimo. Futa tope hadi plastiki ing'ae, paka praima ya zambarau, paka gundi, sukuma huku unazungusha kidogo, shikilia. Acha igande saa kadhaa kabla ya kufungulia maji. Mimi nilingoja usiku mzima kwa woga. Vua nozeli, zile ncha za vichwa zinazorusha maji, za mwisho wa laini uache maji yatoe tope kwanza, la sivyo vichujio vitaziba na utadhani umeharibu kingine. Na usirudishe madonge yale kukaa juu ya bomba. Mimi nilizungushia mchanga kwanza, udongo ukafuata juu, nikaacha kichuguu kidogo kwa sababu utashuka.

Kipembetatu kikasimama. Nilikaa pale kwenye ukingo wa barabara nikikitazama kama televisheni.

Nyasi lakini hazikupona, na hapa ndipo dada yangu wa Garland afungue masikio. Bili ilishuka, maji yakaendelea kukimbia barabarani. Ilinichukua hadi masika ya 2023 kuelewa kwamba nyasi zangu hazikukosa maji. Zilipewa kwa pupa. Nozeli za kawaida za kunyunyiza humwaga karibu inchi moja na nusu kwa saa. Mfinyanzi ukishalowa juu, hupokea robo inchi kwa saa, tena ukijitahidi. Ni sawa na kumnywesha mgonjwa uji kwa jagi. Baada ya dakika tano au sita kila tone unalolilipia linaelekea kwenye mtaro wa jiji.

Dawa yake haina gharama. Kontrola nyingi zinakubali saa za kuanza tatu au nne kwa programu moja. Badala ya dakika ishirini mfululizo, toa tano, pumzisha saa nzima, toa tano tena, mara nne. Maji ni yaleyale nusu inchi, lakini yanaingia. Fanya usiku na alfajiri. Dallas hairuhusu sprinkla kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni kuanzia Aprili hadi Oktoba, na hata wangeruhusu, jua lingekunyang'anya nusu.

Baadaye nikabadilisha nozeli za zoni tatu za mbele, nikaweka MP Rotator, zile zinazorusha vijito vyembamba vinavyozunguka taratibu. Zinatoa karibu sehemu nne za kumi za inchi kwa saa. Nusu inchi inahitaji dakika 75, nami nimezigawa mara tatu za dakika 25: saa sita usiku, saa nane, saa kumi. Tahadhari mbili. Usichanganye nozeli hizi na za zamani kwenye zoni moja, kona moja itazama na nyingine itakauka. Na angalia presha: zinapenda psi 40 (kipimo cha presha). Maji yakitoka kama ukungu presha imezidi, nunua vichwa vyenye kirekebishi ndani. Kichwa kilicho chini kabisa ya mteremko kikiendelea kulia maji baada ya zoni kuzimwa, kibadilishe uweke chenye vali ya kuzuia. Pale kwangu palikuwa na kinamasi miaka yote nikidhani ni asili ya mahali.

Sasa yale magunia. Jasi husaidia udongo wenye chumvi ya sodiamu. Wetu umejaa chokaa tangu enzi na enzi, haukuwa na haja nayo. Mchanga nao nilimwaga, nikapata kitu kinachokaribia zege. Kilichosaidia ni kukodi mashine ya kutoboa, ile inayong'oa vipande vya udongo kama vizibo, kisha kutandaza mboji robo inchi. Nimefanya mara tatu sasa, na bisibisi ndefu inazama inchi sita siku moja baada ya kumwagilia. Zamani iligota inchi mbili.

Mama alipokuja kututembelea alinikuta nimepanga makopo ya samaki uani, napima maji kwa rula. Akasimama mlangoni na leso yake. "Mwanangu, unapimia maji majani ambayo hata mbuzi hayali?" Nikamweleza habari ya nusu inchi. Akaguna, akaenda kupanda sukuma upande wa jikoni, anazimwagilia kwa kikopo, kidogo, anazunguka, anarudi. Sikusema kitu.

Ndugu zangu, sisi tulio huku tuna ugonjwa wa kudhani mwenye gari safi ndiye anayejua. Tunaona aibu kuuliza, kisha tunalipa aibu hiyo kwa mkopo wa miezi 24. Sheria ya Texas inamruhusu mwenye nyumba kutengeneza sprinkla za nyumba anayoishi bila leseni. Za jirani kwa malipo, hapana, na majirani wameshanijia, akiwemo mzee wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akinitazama nikichimba bila kunisalimia. Nilimwonyesha kipembetatu cha mita yake bure. Na ile stika ya fundi bado iko kwenye mlango wa kontrola. Naisoma kila Aprili nikipanga saa.

Dada wa Garland, picha uliyonitumia ni ya nyasi. Nitumie ya mita, usiku, bomba zote zikiwa zimefungwa. Na ukifika kwenye boksi la vali, gonga kifuniko kwanza kwa bisibisi kabla ya kuingiza mkono.