Maswali ya Wasomaji: Klabu Ikidaiwa, Anayechekwa Ni Nani?

Barua za mwezi huu zimejaa madeni ya klabu za kandanda, na zaidi ya madeni hayo, kejeli ambazo mashabiki wa upande wa pili huzitoa habari za namna hiyo zinapotokea. Tumechagua nne na kuzifupisha.

*Mhariri mpendwa, mimi ni shabiki wa Manchester United tangu shule ya msingi. Kazini kwangu Industrial Area wenzangu wa Arsenal na Liverpool wamenifanya mchezo wao. Kila Jumatatu wanauliza kama dalali ameshafika Old Trafford, uwanja wetu, na nyundo yake. Je, ni kweli kwamba klabu yangu inadaiwa pesa zilizotumika kuinunua yenyewe? Na mbona Arsenal nao walikopa, lakini hakuna anayewacheka? – Msomaji wa Umoja*

Ni kweli. Familia ya Glazer kutoka Marekani ilipoinunua Manchester United mwaka 2005, kwa bei ya takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya mkopo, na sehemu ya mkopo huo ikatwikwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Mkazi wa Nairobi hahitaji mhasibu kumweleza jambo hili, kwa maana matatu nyingi zinazompeleka kazini zimenunuliwa kwa njia iyo hiyo: benki inashikilia hati ya gari, na nauli ya kila siku ndiyo inayolipa. Tofauti ni kwamba matatu hii ilikuwa imekwisha kulipiwa na iko barabarani inachuma, kisha abiria wakaanza kutozwa gharama ya kubadilishwa kwa mwenye gari. Inakadiriwa kwamba tangu wakati huo zaidi ya pauni bilioni moja zimetoka katika klabu hiyo kwa riba, ada na gawio la wenye hisa, na bado deni lipo.

Wenzako wa kazini wanasahau kwamba waliotangulia kulipigia kelele deni hilo ni mashabiki wa United wenyewe. Baadhi yao waliondoka mwaka uo huo wa 2005 wakaunda klabu yao, FC United of Manchester. Mwaka 2010 Old Trafford ilijaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina ambalo klabu ilianza nalo mwaka 1878, kwa sababu wengi hawakutaka kuvaa nyekundu ambayo faida yake ingeishia kwa mmiliki. Tarehe 2 Mei 2021, siku chache baada ya mpango wa Ligi Kuu ya Ulaya ya klabu teule kusambaratika, waandamanaji waliingia hadi uwanjani na mechi ikaahirishwa. Mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya Liverpool.

Kuhusu hao wa Liverpool, waulize kwa upole kama wanawakumbuka Tom Hicks na George Gillett. Wamarekani hao wawili waliinunua klabu yao mwaka 2007 kwa fedha za kukopa, na kufikia Oktoba 2010 benki ya RBS ilikuwa inadai chake, shauri likafika mahakamani London, na klabu ikauzwa kwa pauni milioni 300 huku wamiliki wale wakipinga mpaka dakika ya mwisho. Huyo dalali wanayekuuliza habari zake aliwahi kukaribia mlango wa Anfield, uwanja wao, kuliko alivyowahi kuukaribia wa Old Trafford.

Arsenal ni jambo jingine, na hapa naomba uvumilie kidogo. Walikopa kujenga. Uwanja wa Emirates ulifunguliwa mwaka 2006, mradi ukigharimu takriban pauni milioni 390, na klabu ikahama kutoka Highbury iliyochukua watu 38,000 hivi kwenda mahali panapochukua watu 60,000. Deni lao liliacha kitu kinachoonekana na kinachoingiza pesa kila wiki ya mechi. Hata hivyo si kweli kwamba hawakuchekwa. Kutoka Kombe la FA la 2005 hadi la 2014 hawakubeba taji lolote kubwa, na katika miaka hiyo waliwauza nyota wao mmoja baada ya mwingine: Cesc Fàbregas na Samir Nasri mwaka 2011, kisha Robin van Persie mwaka 2012. Van Persie alikwenda wapi? Alikuja kwenu, akafunga mabao, mkatwaa ligi ya 2013, na sikumbuki barua yoyote kutoka Umoja wakati huo ikilalamika kwamba madeni ya watu yanafanyiwa mzaha.

Kwa hiyo mtu akikutajia ukubwa wa deni tu, hajakwambia neno. Muulize lilikopwa na nani, likanunua nini, na siku mambo yakikaza nani anaanza kuumia. Hilo la tatu ndilo linalonifanya nisicheke sana. Mwaka 2024 United ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba wengine hadi 200 wangeondoka, huku chakula cha mchana cha bure kwa wafanyakazi kikifutwa. Habari ya chakula ilizunguka katika simu za mashabiki wa Nairobi kama kichekesho cha mwaka. Waliopoteza sahani ile walikuwa makarani na watunza stoo wa klabu, watu ambao hawakukopa hata shilingi.

*Ndugu mhariri, naambiwa klabu kubwa haifi, kwamba siku zote atatokea tajiri wa kuiokoa. Je, ni kweli? Na mpinzani wake hufaidika? – Msomaji wa Githurai*

Klabu hufa, au hukaribia kufa kiasi kwamba watu hubishana kama waliyonayo bado ni ileile. Bury, klabu ya karne ya 19 karibu na Manchester, ilifukuzwa katika ligi za Uingereza mwezi Agosti 2019 kwa sababu ya hali yake ya fedha. Rangers ya Glasgow ilikabidhiwa wasimamizi wa ufilisi mwezi Februari 2012, mamlaka ya ushuru ikakataa mapatano ya kulipwa sehemu ya deni, na kampuni iliyoendesha klabu ikaingia katika kufungwa. Mali zikauzwa kwa kampuni mpya, timu ikaanzia daraja la nne la Uskoti, na haikurudi ligi kuu hadi 2016. Mpaka leo shabiki wa Celtic, mahasimu wao wa Glasgow, atakuapia kwamba Rangers ya zamani ilikufa na kwamba iliyopo ni mtoto wa mwaka 2012, na wa Rangers atakuapia kinyume chake. Celtic nao, tuseme haki, walikuwa saa chache tu kutoka mikononi mwa benki mwezi Machi 1994 kabla ya mfanyabiashara Fergus McCann kuja na fedha zake.

Kusini mwa Uingereza mambo yalikuwa ya karibu zaidi. Southampton na Portsmouth ni mahasimu wa pwani moja. Aprili 2009 kampuni mama ya Southampton ilianguka, na klabu ikakatwa pointi 10. Februari 2010, kabla mwaka haujatimia, Portsmouth, mabingwa wa Kombe la FA wa 2008, wakawa klabu ya kwanza kuingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi ikiwa ndani ya Ligi Kuu, wakakatwa pointi tisa na kushuka daraja. Aliyecheka mwaka ule hakupata muda wa kumaliza kicheko chake.

Orodha ya wadai wa Portsmouth inafaa kusomwa na kila shabiki. Humo walikuwamo hata St John Ambulance, wale wa kujitolea wanaokaa pembeni ya uwanja na masanduku ya huduma ya kwanza. Na kwa kanuni za kandanda ya Uingereza, klabu iliyofilisika inatakiwa kuwalipa wachezaji na klabu nyingine kikamilifu ili ibaki ligini, kisha wadai wa kawaida hugawana kinachobaki. Mchezaji wa mshahara mkubwa hutangulia, na mpishi wa mikate husubiri. Portsmouth iliishia daraja la nne, na mwaka 2013 ikanunuliwa na mashabiki wake.

Uliuliza kama mpinzani hufaidika. Uli Hoeness, rais wa Bayern Munich ya Ujerumani wakati huo, alieleza mwaka 2012 kwamba Borussia Dortmund ilipokuwa ikizama katika madeni, miaka minane hivi kabla ya hapo, Bayern iliikopesha euro milioni mbili bila dhamana. Sidhani ilikuwa huruma tupu, kwani ligi isiyo na mpinzani wa maana haina bei kwa televisheni.

*Mhariri, mimi ni wa Ingwe, yaani AFC Leopards, damu na roho. Tuliwacheka K'Ogalo, yaani Gor Mahia, walipofungiwa na FIFA kusajili wachezaji, nao wametucheka tulipofungiwa sisi. Sasa nimechoka. Kwa nini marufuku hizi zinarudi kila mara, na kwa nini ni kesi za wageni tu? – Shabiki wa Kangemi*

Swali lako la pili ndilo zito, lakini tuanze na la kwanza. Gor Mahia na AFC Leopards zote mbili zimewahi kufungiwa usajili kwa sababu ya mishahara na fidia za waliokuwa wachezaji au makocha wao. Utaratibu hauna siri. Anayedai hupeleka shauri FIFA, uamuzi hutolewa, na klabu hupewa siku 45 za kulipa baada ya kupokea akaunti ya benki ya mdai. Zikipita bila malipo, klabu huzuiwa kusajili kwa hadi vipindi vitatu kamili vya usajili. Ikilipa leo, marufuku hiyo inaondolewa bila kusubiri. Tatizo ni kwamba kila kesi ina marufuku yake, kwa hiyo mwenyekiti anaweza kutangaza kwa furaha kwamba amemaliza na mmoja, kumbe nyuma yake wamepanga foleni wengine watatu.

Zinarudi kwa sababu mapato ya klabu hizi mbili za wanachama hayana uti wa mgongo. SportPesa, kampuni ya kamari ya michezo, ilipojiondoa katika ufadhili mwezi Agosti 2019, kufuatia mvutano wake na serikali kuhusu leseni na kodi, mikataba ya wachezaji iliyotiwa saini kwa kutegemea fedha hizo ilibaki palepale. Viwanja vya Kasarani na Nyayo vilipofungwa kwa ukarabati kabla ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyochezwa 2025, mechi zikahamia viwanja vidogo. Kinachosalia ni harambee ya mashabiki kwa M-Pesa, ambayo huwasafirisha wachezaji hadi uwanja wa ndege lakini haiwezi kuwa mshahara wa miezi kumi na miwili. Hata hivyo simwondolei lawama kiongozi anayemsajili mgeni kwa mkataba wa miaka miwili akijua kwamba fedha za miezi mitatu ndizo alizo nazo. Huyo hakupatwa na bahati mbaya.

Kuhusu wageni: FIFA husikiliza migogoro yenye sura ya kimataifa, yaani mchezaji au kocha wa nchi moja dhidi ya klabu ya nchi nyingine. Mnyarwanda au Mganda akikosa mshahara Nairobi, ana fimbo ya Zurich, yaliko makao ya FIFA. Mkenya aliyecheza naye bega kwa bega na kukosa mshahara uleule hana fimbo hiyo. Shauri lake huanzia hapa nyumbani. Ndiyo maana ukisikia klabu "imesafisha madeni ya FIFA", uliza pia kuhusu vijana wa Nairobi, Kakamega na Kisumu ambao majina yao hayamo katika barua yoyote kutoka Uswisi. Ninyi na K'Ogalo mmekuwa mkirushiana jambo hili kila msimu wa debi ya Mashemeji, ilhali wadai wenu wanafanana kama mapacha.

*Mpendwa mhariri, mwanangu anachezea klabu moja hapa Nairobi. Hajalipwa kwa miezi mitatu. Mwenye nyumba ameweka kufuli lake juu ya letu, na mwanangu akipita stejini na jezi yake vijana wa timu nyingine wanamwimbia nyimbo za deni. Hataki kuondoka, anasema ataonekana msaliti. Afanye nini? – Mama wa Kariobangi*

Mama, pole. Wanaomwimbia pale stejini wanaimba kuhusu pesa zake, kwa kuwa mdai ni yeye.

Kuondoka kwa sababu hii si usaliti. Kanuni za FIFA zinaitambua mishahara ya miezi miwili isiyolipwa kuwa sababu ya haki ya mchezaji kuvunja mkataba, mradi kwanza aiandikie klabu kuieleza kwamba inadaiwa na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Mkazo uko katika kuandika. Asiache kwenda mazoezini kwa hasira kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu klabu itageuza maneno na kusema yeye ndiye aliyetoroka kazi. Kwa kuwa ni Mkenya katika klabu ya Kenya, malalamiko huanzia katika vyombo vya Shirikisho la Kandanda la Kenya, na lipo pia baraza la kuamua migogoro ya michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Kabla ya yote hayo aende KEFWA, chama cha kutetea maslahi ya wachezaji wa kandanda nchini, ambacho kimezoea kesi za namna hii na kitamsaidia kuiandika barua yenyewe.

Anapokwenda, achukue nakala ya mkataba wenye saini za pande zote mbili. Wachezaji wengi hapa nchini hutia saini na kuiacha karatasi ofisini kwa katibu, kwa hiyo kama hana, aiombe leo kwa maandishi na ahifadhi jibu hata likiwa la kumkatalia. Achapishe pia taarifa ya M-Pesa au ya benki ya mwaka mzima, ili ionekane wazi ni mwezi gani mshahara uliingia kwa mara ya mwisho na ulikuwa kiasi gani. Na mwenye nyumba naye apewe nakala ya barua iliyopelekwa klabuni ikiwa imegongwa muhuri wa kupokewa. Wako wenye nyumba ambao wakiona muhuri huo hukubali kungoja.