Jibu: Fulana ya kubana kwa mama mwenye Parkinson

Pole na kuuguza, ndugu yangu. Umeuliza kama fulana ya kubana itamzuia mama asianguke, maana ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Kusaidia inaweza, ila kidogo, haishiki miguu. Likra, kile kitambaa kinachovutika, inapobana kiwiliwili, inadhaniwa ngozi na misuli hupeleka taarifa zaidi kwenye ubongo, mtu akahisi mapema kwamba anayumba. Tafiti zenyewe bado ni za watu wachache wachache.

Mzee wangu anayumba tangu apate kiharusi. Alipovaa yake aliacha kupapasa ukuta akitoka chumbani. Kasheshe ilikuwa chooni! Hiyo ya kwanza ilikuwa ya mwili mzima, kuivua ni shughuli, na haja haisubiri. Tukabadilisha, tukachukua ya zipu mbele inayoishia kiunoni, ndani yake singlendi ya pamba maana joto la Dar unalijua. Ukimvua ukaona alama nyekundu zisizofutika, au akiwa nayo anahema juu juu, imembana mno.

Kabla hujatoa hela, mpimeni presha akiwa amelala, kisha akisimama. Parkinson inaweza kuishusha ghafla mtu anapoinuka, na kuanguka kwa namna hiyo usitegemee fulana ikuzuie. Mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ndiye achukue vipimo vya mwili vya hiyo fulana, usikadirie kwa macho.