Vishikio vya alumini: rangi ya unga au anodaizi?

Ndugu, umeuliza vile vishikio vyako 40 vya taa, vya alumini ya 6061 (namba ya aina ya aloi), vitakavyofungwa nje Mombasa, uvipake rangi ya unga (unga mkavu wa rangi unaopuliziwa kisha ukaokwa) au uvipeleke anodaizi (kukuza ngozi ngumu ya oksidi juu ya alumini kwa umeme). Kwanza niambie: mashine imeshamaliza kazi, au bado kuna matundu ya kutoboa? Nauliza kwa sababu mimi niliungulia hapo.

Kuna wakati nilikereza nyumba za beringi za mashine ya kupukuchua mahindi, huku Industrial Area, Nairobi. Beringi yenyewe namba 6204, kipenyo cha nje milimita 47. Kipimo nilikibana vizuri, inaingia kwa kusukuma na kidole gumba. Mteja akataka kijani. Nikapeleka kwa mpakaji wa rangi ya unga na sikumwambia azibe tundu lolote. Rangi ile ikishaokwa huwa na unene wa mikroni 60 hadi 100, pengine zaidi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Chukua 80: tundu la duara linapungua mikroni 160, maana inakaa pande zote mbili. Beringi zikakataa katakata. Nilikwangua siku mbili kwa msasa, na nyuzi za bolti nikazipitishia tapu (kifaa cha kukata nyuzi) upya, moja baada ya nyingine. Mpakaji hana kosa, alipaka alichopewa.

Anodaizi ni kitu kingine. Hapo alumini yenyewe ndiyo inayogeuzwa oksidi, ndani ya tangi la asidi ya salfuri lililopitishwa umeme. Ile ya kawaida ni mikroni 5 hadi 25, na takriban theluthi moja tu ndiyo inayojitokeza nje, nyingine inaingia ndani. Kwa hiyo vipimo havisogei sana, na ganda halibanduki. Ubaya wake ni kwamba haifichi aibu: mistari ya kisu cha mashine utaiona vilevile. Pulizia shanga laini za kioo kwanza, uso utoke wa ukungu ulio sawa. Na matundu yasiyotokea upande wa pili yasuuzwe sana, maana asidi hujificha humo ikaja kuvuja baadaye na kuacha madoa.

Usidanganywe kubadilisha malighafi ili uokoe pesa. Jamaa yangu mmoja alisubu vyake Kariobangi kwa pistoni kuukuu. Pistoni huwa na silikoni nyingi, karibu asilimia 12, na hiyo haigeuki pamoja na alumini. Vilitoka tangini vya kijivu, mabaka mabaka kama sufuria iliyounguza maharagwe. Vile ndivyo vya kupaka rangi ya unga! 6061 yako haina neno.

Kwa chumvi ya Mombasa ningechagua anodaizi ya mikroni 20 hadi 25, isiyotiwa rangi, kwa kuwa rangi nyingi za kutia huchujuka juani. Sisitiza vinyweleo vya ganda hilo vifungwe kwa maji yanayokaribia kuchemka. Hatua hiyo ndiyo mafundi wenye haraka huiruka. Ukipokea mzigo, dondosha tone la wino, ngoja dakika 5, ufute kwa kitambaa chenye maji. Wino ukigoma kutoka, rudisha. Rangi ya unga nayo inafaa kama unataka rangi maalumu, ila ikikwaruzwa tu, chumvi inapenya chini yake na rangi inaanza kufura.

Jambo ambalo hukuuliza: ngozi ya anodaizi haipitishi umeme. Kama waya wa ardhi wa taa unafungwa kwenye kishikio, mahali pale pazibwe kabla ya tangi, la sivyo utakuwa umefunga ardhi kwenye kizio. Na bolti za chuma kisichoshika kutu zikigusa alumini tupu kwenye hewa ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa. Weka washa za nailoni na upake grisi kidogo. Tuma mchoro nione matundu ya M5 (ya bolti za milimita 5) yamekaaje.