Sikukuu za huku: jibu kwa mwanangu wa Chake Chake, Pemba

Mwanangu, sauti uliyonirekodia nimeisikiliza yote. Umeona picha za Leicester, mji ninaokaa huku Uingereza, zimejaa taa, mtu akakwambia kuwa Disemba nzima huku watu hawafanyi kazi na wanalipwa mara mbili, na sasa baba yako anataka kuuza shamba la mikarafuu la babu amlipe dalali akutafutie viza ya kulea wazee. Imenikera na imenitia uchungu. Nisikilize mimi shangazi yako.

Taa zipo, tena nzuri. Zinaanza na Diwali, Oktoba au Novemba, pale Belgrave Road kwa Wahindi. Nina jirani, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Mji Mkongwe, siku hiyo hunigongea mlango na sahani ya ladu na kuniuliza kwa Kiswahili cha kwetu kama nimeshakula. Mayahudi wana Hanuka, siku nane, kila usiku wanazidisha mshumaa mmoja. Mpolandi ninayefanya naye kazi, usiku wa tarehe 24 Disemba hupika vyakula 12 visivyo na nyama, na mezani huweka sahani ya ziada kwa mgeni yeyote atakayepiga hodi. Dada wa Eritrea, Krismasi yake ni Januari 7. Kila mtu anatafuta mwanga wake, maana jua la Disemba linatoka saa mbili na robo na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama.

Lakini kati ya sikukuu zote hizo, yenye siku za mapumziko ni Krismasi, tarehe 25 na 26 Disemba, basi. Yule dada wa Eritrea Januari 7 yuko kazini, na mimi Iddi niko kazini. Na hiyo tarehe 25 yenyewe, nani anawaogesha wazee? Sisi. Mzee mmoja Mskoti ninayemhudumia aliniambia baba yake alikuwa akienda kazini siku ya Krismasi, kwa kuwa kwao Uskoti haikuwa siku ya mapumziko mpaka 1958. Akanishika mkono, akanambia, pole. Katika jengo zima yeye peke yake ndiye aliyeniambia neno hilo.

Treni siku hiyo hazitembei, na mabasi usiyategemee. Natoka kwa miguu alfajiri, barafu imeganda njiani, natembea nimeshika kuta za watu nisianguke. Malipo mara mbili? Hakuna sheria ya huku inayomlazimisha mwajiri kuzidisha malipo siku ya sikukuu, ni mapatano ya kazi yako. Mimi nalipwa sawa na Jumanne yoyote.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Likizo ya Iddi lazima uiombe mapema, na utaje tarehe. Tarehe nitaitoa wapi na mwezi haujaandama? Msikiti mmoja unafuata Saudia, wa pili unasubiri mwezi uonekane karibu, wanavutana kama tunavyovutana huko Pemba. Msimamizi akanambia chagua siku moja. Nikachagua, Iddi ikawa kesho yake. Mama akapiga simu, nasikia watoto wanagombania pembea kiwanjani Tibirinzi, na mimi nina beseni la maji ya moto mkononi, glavu zimeroa, bibi wa watu ananisubiri kitandani bila nguo. Nikasema Iddi mubarak, nikakata. Sikukuu Mosi ikapita hivyo, na ya Pili, Tatu na Nne huku hakuna anayezijua.

Zile kanzu na vijora mlivyovaa siku ile, pesa yake ilikuwa ya gesi ya kupashia nyumba joto. Nililala na koti. Siwasimangi, wallahi, nilifurahi kuziona picha. Ila Disemba msiniombe kitu, huo ni mwezi mzito kwangu. Hapana, niombeni. Mkinyamaza nitahisi mmeshanitoa katika hesabu ya watu wa nyumba. Dawa za mama msingoje hata kuniomba, niambieni tu.

Na huyo dalali ni muongo. Viza ya kulea wazee imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza tangu Julai 22, 2025. Hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, mlezi alikuwa haruhusiwi kuja na mke wala watoto. Akikuonesha barua ya kampuni, nipigie picha uniletee kabla hajapewa hata shilingi. Shamba lisiuzwe. Mikarafuu ile imewasomesha nyote.

Usije, mwanangu. Lakini ukipata nafasi ya kusoma, ya halali, iliyolipiwa, njoo, chumba changu kina nafasi ya godoro la pili. Ukija ukawepo 2030 utaona ajabu: Ramadhani itaingia Januari, na tena mwishoni mwa Disemba, na funga ya hapa siku hizo za Disemba haitimii muda wa masaa 10. Ile iliyoangukia Juni tulifunga masaa 18 na zaidi, nikazunguka na zamu mpaka miguu ikavimba.

Mwambie baba yako asitie saini chochote mpaka tuzungumze. Jumapili baada ya adhuhuri nipo nyumbani, anipigie yeye mwenyewe. Na vipimo vya watoto nileteeni Rajabu hii hii, nguo zao za sikukuu nitatuma mimi.